Jina Linalotangulia Radi

Mwaka wangu wa kwanza Dar es Salaam, mfanyakazi mwenzangu alininyooshea mkono akauliza, "Kwenu wapi, ndugu yangu?" Nikamwambia Sumbawanga. Mkono wake, uliokuwa umeshagusa wangu, ukarudi nyuma kama uliogusa sufuria ya moto. Kisha akacheka, akaunyoosha tena. "Aisee, usije ukanitumia radi humu ofisini." Tukacheka wote. Ni mtu mwema, tulikaa chumba kimoja miaka minne bila kukosana. Lakini mkono haukuwa umecheka. Ulirudi kabla mwenyewe hajaamua, na alipokuja kuamua akaona aibu kidogo, ndipo mzaha ukaletwa kufunika.

Mtu huyu hajawahi kukanyaga Sumbawanga wala mkoa wake wa Rukwa, anausikia tu katika visa vya wachawi wanaotuma radi. Hajapigwa na radi, wala hamjui aliyepigwa. Mkono wake ulijifunzia wapi?

Saikolojia ina jibu la zamani, ambalo kila aliyepita chuo cha ualimu amelikariri kwa ajili ya mtihani: mbwa, kengele, mate. Kwa kulikariri hivyo tumelipunguza mno. Ivan Pavlov hakuwa hata mwanasaikolojia. Alikuwa mwanafiziolojia wa Kirusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza usagaji wa chakula. Mbwa wake walipasuliwa shavu na mfereji wa mate ukaelekezwa nje, ili mate yahesabike tone kwa tone. Kilichomkwaza ni kwamba mbwa waliokwisha kuzoea maabara walianza kutoa mate chakula kikiwa bado hakijafika kinywani, kwa kumwona tu mhudumu au kusikia hatua zake. Mtafiti mwingine angeiita kero na kuitafutia dawa. Pavlov aliigeuza kuwa kazi yake hadi alipofariki mwaka 1936. Kengele yenyewe aliitumia kwa nadra. Vifaa vyake vya kila siku vilikuwa metronomu, taa, milio ya umeme na miguso ya ngozi.

Mtu wa Ufipa, kwetu Sumbawanga, hahitaji mbwa ili aelewe jambo hili, anahitaji msimu wa mvua. Uwanda wetu umekaa juu, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na kuanzia Novemba hadi Aprili ngurumo zinatikisa mabati mpaka misumari inalia. Mchukue mtoto wa miezi michache. Ngurumo ikipiga, anashtuka na kulia. Hakuna aliyemfundisha, amezaliwa nao mshtuko huo. Kwa hiyo ngurumo tuiite kichocheo cha asili, na mshtuko wake mwitikio wa asili. Mmweko wa umeme, kwa upande wake, mwanzoni haumwambii lolote. Anaweza hata kuutazama kwa furaha, kama anavyotazama tochi. Ila mwanga unafika papo hapo, na sauti inatumia karibu sekunde tatu kwa kila kilomita moja. Mmweko, kimya, kisha kishindo. Mmweko, kimya, kishindo. Mvua chache tu zikipita, utaona mabega ya mtoto yanapanda kwenye ule ukimya. Mmweko sasa umekuwa kichocheo cha kujifunza, na kule kujikunyata ni mwitikio wa kujifunza. Ndiyo nadharia nzima ya msingi, na mpangilio wake umeshikwa na fizikia yenyewe: lingekuwa kishindo kwanza na mwanga baadaye, mtoto asingejifunza chochote cha maana, kwa sababu mwanga ungekuja na habari iliyokwisha kuchacha.

Neno hilo, habari, ndilo ambalo madaftari yetu ya ualimu hayakuliandika. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kinachofundisha ni vitu viwili kukutana mara nyingi vya kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Robert Rescorla alilitikisa wazo hilo kwa panya. Makundi mawili yalipata idadi ileile ya mlio ulioambatana na shoti ya umeme. Tofauti ilikuwa moja: kundi la pili lilipigwa shoti pia wakati hakuna mlio, kwa kiwango kilekile. Kukutana kulikuwa sawasawa, lakini kundi la kwanza tu ndilo lililouogopa mlio. Kwa kundi la pili mlio haukuwa na la kusema, maana shoti ilikuja ukiwepo usiwepo. Mnyama hahesabu makutano peke yake. Anapima kama alama hii inamwongezea kitu katika kubashiri kinachokuja.

Mwenzake wa zama hizo, Leon Kamin, alionyesha jambo la ajabu zaidi, ambalo mimi nalielewa kwa kioo cha bibi. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa milima ya Mbizi, bibi alikuwa anaondoa kila chenye rangi nyekundu kwenye kamba, halafu anakifunika kwa kanga kioo kikubwa cha ukutani ili kisivute radi. Nilikulia kwake, nikaiona kanga ikitangulia mvua miaka nenda rudi. Mpaka leo, nikiona kioo kilichofunikwa nguo, hata kwa fundi seremala anayekilinda na vumbi tu, tumbo langu linajikaza kidogo. Mdogo wangu alikuja kuishi pale akiwa mkubwa, ameshaujua mmweko na kishindo chake. Na bibi kwa wakati huo alikuwa amezeeka, anachelewa kuinuka, kanga inapanda kiooni wakati mmweko umeshaanza. Mdogo wangu aliiona kanga ileile, kwenye dhoruba zilezile, na haimtishi hata kidogo. Kamin angesema mmweko ulikuwa umeshajaza nafasi, kanga haikuwa na jipya la kumwambia. Mwaka 1972 Rescorla na Allan Wagner waliyaweka haya katika mlinganyo wa hesabu, ambao kiini chake ni kwamba kiumbe hujifunza pale anaposhangazwa, na mshangao ukiisha kujifunza nako husimama.

Pana mfano wa kwetu Tanzania ambao haumtishi mtu. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Somo la kwanza kabisa si mabomu. Panya anasikia kidude kinalia "klik", kisha anapewa ndizi au karanga. Klik, ndizi. Baadaye klik yenyewe inakuwa tamu, na hapo ndipo mwalimu anaweza kuitumia kumwambia panya "hapohapo, umepatia" kwa kasi ambayo ndizi isingeweza. Sehemu inayofuata, ya panya kukwaruza ardhi ili apate malipo, ni aina nyingine ya kujifunza, ile ya B. F. Skinner, ambapo tendo linafuatwa na tunu. Lakini isingesimama bila ile klik ya Pavlov chini yake. Mmoja wa panya hao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza. Nimeshawasimulia watu habari zake katika mazungumzo ya Sumbawanga, ili tu wabadilishe mada.

Si kila alama inashikana na kila tukio. Mwaka 1966 John Garcia na Robert Koelling waliwapa panya maji yenye ladha, huku kila wanapokunywa taa inawaka na kelele inapigwa. Waliougua tumbo baadaye waliichukia ladha, taa na kelele hawakuzijali. Waliopigwa shoti walifanya kinyume: waliogopa taa na kelele, ladha wakaendelea kuinywa. Tumbo linashuku kilichopita mdomoni, na linaweza kukishuku saa kadhaa baadaye, jambo ambalo mmweko na ngurumo haviwezi kamwe. Mimi nina ushahidi wangu. Nikiwa kidato cha tatu, safarini kurudi nyumbani, nilinunua mayai mawili ya kuchemsha dirishani mwa basi, ya kupasuliwa na kutiwa kachumbari. Usiku malaria ikanipanda, ikathibitishwa kwa kipimo, nikatapika mpaka nikaona nyota. Mayai hayakuwa na kosa. Najua hayakuwa na kosa, daktari aliniambia, na nilimwamini. Ni zaidi ya miaka 20 sasa na siwezi kuweka yai la kuchemsha mdomoni. Liweke kando hilo, tutalirudia: kujua hakukufuta kitu.

Sasa turudi kwenye jina. Inasimuliwa kwetu kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Lilikuwa katazo, agizo kwa anayeingia kwamba mambo yake ya usiku ayaache nje. Mwanaanthropolojia wa Kiingereza Roy Willis, aliyeishi kati ya Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika mwaka 1968 juu ya Kamcape, harakati iliyopita vijijini ikidai kusafisha uchawi. Ukisoma historia hiyo kwa haki, unaona watu waliohangaika kuutoa uchawi kati yao, kama walivyohangaika watu wa mikoa mingine mingi ambayo majina yao hayamshtui mtu. Nchi inaijua Rukwa kwa kitu kingine pia: pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ni ghala la mahindi.

Kwa nini basi jina linavuta radi na halivuti ugali? Sikiliza masikio ya Kiswahili. Neno "mwanga", wingi wake "wanga", kwa Waswahili ni mchawi, yule wa kucheza uchi makaburini usiku wa manane. Kwa hiyo hata kabla msikilizaji hajaambiwa lolote kuhusu Ufipa, nusu ya jina imeshabeba mzigo alioupata utotoni, kwenye hadithi za kuogofya. Pavlov aliliona jambo la namna hii maabara: metronomu ikishazoeleka kuleta chakula, unaweza kuambatanisha taa na metronomu peke yake, bila chakula, na taa nayo ikapata kuvuta mate kidogo. Kichocheo kinazaa kichocheo. (Wanga ni pia kile kilichomo kwenye mahindi na viazi, na kwa mkoa unaolisha wengine ingekuwa tafsiri ya haki zaidi. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kutishwa kwa kuambiwa nyamaza, wanga huyo anakuja kwenye sahani.)

Mwaka 1958 Arthur na Carolyn Staats, huko Marekani, walijaribu karibu hilihili. Waliwaonyesha wanafunzi majina ya mataifa ukutani, huku mtafiti akitamka maneno mengine kwa sauti. Kwa kundi moja, jina la Waholanzi lilifuatana na maneno mazuri na la Waswidi na maneno mabaya. Kwa kundi jingine wakageuza. Mwishoni wanafunzi walipoulizwa wayapime majina kwa uzuri na ubaya, waliyapima kwa kufuata walivyolishwa. Hakuna Mswidi aliyekuwa amewakosea kitu. Wakosoaji walisema, na wana hoja, kwamba baadhi ya wanafunzi huenda walishtukia kinachotakiwa wakamfurahisha mtafiti. Mjadala huo haujaisha hadi leo. Hata hivyo fikiria kijana wa Mwanza au wa Tanga: ni mara ngapi amelisikia jina la Sumbawanga likiwa peke yake, bila kicheko, bila radi, bila ungo wa kurukia usiku? Habari za bei ya maharage hazifiki kwake zikiwa na jina hilo mdomoni. Jina linakuja na kisa, au haliji kabisa. Katika hali ya namna hiyo Rescorla asingepata cha kupinga, maana alama na tukio havijawahi kuachana.

Hapa lazima nikiri nimelivuta jambo mbali na maabara. Mwenzangu wa ofisini hakuwahi kuumizwa jina likisikika. Stanley Rachman, mwaka 1977, alisaidia kulipanga hili aliposema hofu ina njia tatu za kuingia: kuumizwa mwenyewe, kuona mwingine anaogopa, na kuambiwa. Ya pili ilionyeshwa vizuri miaka ya 1980 na Susan Mineka, kwa nyani waliolelewa maabara bila kumjua nyoka. Hawakumwogopa, mpaka walipomwona nyani wa porini akiruka kwa hofu mbele ya nyoka, nao wakawa waoga wake tangu hapo. Hofu ya Sumbawanga inaingia kwa mlango wa pili na wa tatu. Hii haiifanyi kuwa nyepesi. Yaliyoingia kwa kuambiwa yana faida ya kutopimwa kamwe: anayeogopa haendi, na asiyekwenda hashangazwi, na asiyeshangazwa, kwa mujibu wa mlinganyo wa 1972, hana anachojifunza. Mtumishi akipata barua ya kuhamishiwa kwetu, akahangaika huku na huku hadi ikabadilishwa, amelala salama Dar es Salaam na hofu yake imelala salama pamoja naye.

Watu husema ni utani, tuuache. Ningeuacha kama hofu ingekuwa na adabu ya kukaa ilipowekwa. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walimwonyesha mtoto wa miezi 11, waliyemwita Albert, panya mweupe, na kila alipomgusa wakapiga nyundo kwenye chuma nyuma ya kichwa chake. Lilikuwa jaribio la ukatili, lisingeruhusiwa leo, na ni la mtoto mmoja tu, kwa hiyo lisibebeshwe mzigo kuliko uwezo wake. Lakini walichokiona kimeonekana tena kwa njia za staha zaidi: mtoto hakumwogopa panya pekee, alimwogopa sungura, mbwa, hata koti la manyoya. Hofu inamwagikia kinachofanana. Huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka 50 ya kupikia kuni na samadi. Anayenyanyua panga dhidi yao hajaona uchawi, ameona rangi iliyofungwa kwenye visa. Sisemi kujifunza kwa Pavlov kunatosha kueleza mauaji. Kuna urithi wa mashamba ndani yake, wapo waganga wanaolipwa kwa kutaja majina, na sheria nayo inachelewa. Nasema tu kwamba mtaji wa kwanza wa biashara hiyo ni mshtuko usiohitaji ushahidi.

Je, mshtuko huo unafutika? Pavlov alipopiga metronomu tena na tena bila chakula, mate yalipungua hadi yakaisha. Jambo hilo waliliita kufifia. Alipomrudisha mbwa baada ya mapumziko, mate yalirudi yenyewe, machache, bila fundisho jipya. Kisha yakaja mafuriko ya Septemba 1924, mto Neva ulipoingia Leningrad na mbwa wakanusurika kufa maji ndani ya vizimba. Kwa baadhi yao yote waliyojifunza yaliyeyuka. Mmoja walimfundisha upya kwa subira, akapona, mpaka siku walipopitisha kijito cha maji chini ya mlango wa chumba chake. Akavurugika tena palepale. Baadaye Mark Bouton alilifuatilia jambo hili kwa miaka mingi na ndiye ninayemwona ametusaidia zaidi: kufifia si kufuta. Ni somo la pili linaloandikwa juu ya la kwanza, na somo la pili linashikamana na mahali lilipojifunziwa kuliko la kwanza.

Hapo ndipo ninapowaelewa watumishi waliokuja kwetu na kuondoka. Namkumbuka mmoja, mwalimu wa kutoka pwani, alifika stendi ya Sumbawanga amevaa hirizi mbili na sweta tatu. Sweta zilimfaa, Juni huko baridi haina mchezo. Hirizi zilikaa kama mwaka mmoja, kisha nikaacha kuziona. Alilima maharage, akapata marafiki, akasimama kwenye misiba ya watu usiku kucha bila kuogopa giza. Alipohamishwa kurudi kwao tuliagana kwa machozi. Miaka miwili baadaye nikampigia simu kumjulisha kwamba ninapita mjini kwake, nimemletea kilo chache za mahindi mapya. Alifurahi. Halafu akauliza, kwa sauti ya mzaha iliyokuwa na kamba ya kitu kingine ndani yake, kama mahindi hayo nimeyanunua sokoni au yametoka kwa mtu. Ufipa alikuwa hana hofu. Hofu ilikuwa inamngoja kwao, mahali alipoiacha.

Kwa hiyo semina za kuwaambia watu kwamba uchawi wa Sumbawanga ni uzushi sizitegemei sana, kama vile mimi na yai la kuchemsha tunavyojua ukweli wote na bado hatukai meza moja. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alimsaidia mtoto aliyeitwa Peter, mwoga wa sungura, bila hotuba. Alimpa chakula akipendacho, na sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Kesho yake karibu kidogo. Mpaka Peter akawa anakula kwa mkono mmoja na kumpapasa sungura kwa mwingine. Tiba nyingi za hofu zinazotolewa hospitalini leo ni watoto na wajukuu wa kazi hiyo, na zinasisitiza jambo lililotoka kwa Bouton: mazoezi yafanyike mahali pengi, si chumba kimoja. Lililo karibu zaidi na hilo kwa upande wetu naona ni barabara. Tangu lami ya kutoka Tunduma ikamilike, wafanyabiashara wanakuja kununua mahindi, wanalala, wanakula, wanaondoka, na jina la mji wanalitaja kwao likiwa na bei za gunia badala ya ungo.

Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri. Mpiga debe alipita akiita, "Sumbawanga! Sumbawanga siti mbili!" Mama mmoja aliyekaa jirani yangu alimvuta mtoto wake karibu, bila hata kuacha kuongea na simu. Mimi nilikuwa sijanywa chai. Jina lilipofika masikioni nilisikia harufu ya mgebuka wa kukaushwa kwa moshi, ule wa kutoka Kirando, unaochemka polepole kwenye chungu cha bibi, na nikajikuta nameza mate.